Kilo ya barafu kwa kilo ya samaki: mwongozo kamili kwa wachuuzi wa Mtwara na Lindi

Samaki anayetolewa majini Msimbati au Msangamkuu ana joto la karibu nyuzi 28 za Selsiasi, sawa na bahari aliyotoka. Akikaa hivyo, anaharibika haraka. Mnofu uliokaa kwenye nyuzi 10 huharibika kwa kasi ya takribani mara 4 kuliko uliokaa kwenye nyuzi 0, na kwenye nyuzi 20 kasi hiyo hufika kama mara 9. Mchuuzi anayepakia Feri ya Mtwara alfajiri akauze Masasi, au anayepanda bodaboda kwenda Nanyamba na Tandahimba, faida yake yote imo ndani ya deli, lile sanduku la kuta za povu la kutunzia baridi.

Mwongozo huu ni wa deli hilo: barafu kiasi gani, itengenezwe vipi, ipangwe vipi, na samaki waliobaki wafanywe nini. Kila mahali nimeeleza na sababu. Ukishajua maji yanavyogeuka kutoka yabisi kuwa kimiminika, na kimiminika kuwa mvuke, utaweza kujipangia mwenyewe hata siku safari ikibadilika.

Anza na jaribio la jikoni

Tafuta kipimajoto cha kawaida. Ponda barafu, jaza sufuria ndogo nusu, ongeza maji kidogo tu, kisha koroga vizuri. Kipimajoto kitashuka hadi 0 na kutulia hapo. Kama chako kinasoma 2 au kinashuka chini ya 0, andika tofauti hiyo kwenye karatasi uibandike kwenye kipimajoto, maana utakuwa unaitoa au kuiongeza kila unapopima samaki.

Sasa weka sufuria kwenye moto mdogo sana, uendelee kukoroga bila kuacha. Moto unaingia, barafu inapungua, lakini kipimajoto kinabaki pale pale kwenye 0. Kitaanza kupanda barafu ikikaribia kwisha kabisa. Joto lililoingia muda wote huo halikwenda kuyapasha maji. Limetumika kuvunja ule mshikamano uliozifanya chembe za maji zikae zimepangika kama yabisi. Ndilo linaloitwa joto fichi, kwa sababu lipo lakini kipimajoto hakilioni.

Kiasi chake ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 inahitaji kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha joto linaloingia au kutoka) ili iwe kilo moja ya maji ya nyuzi 0 hiyo hiyo. Ukiyapa maji hayo kilojuli nyingine 334, yatapanda kutoka 0 hadi karibu nyuzi 80.

Ndani ya deli hakuna moto, kwa hiyo joto la kuyeyusha barafu linatoka kwa samaki. Kwa maneno mengine, kazi ya barafu ni kuyeyuka. Barafu iliyofika Masasi ikiwa bado mapande makavu upande mmoja wa deli, huku samaki wa upande wa pili wana joto, imesafiri bure.

Kuna jambo la pili hapa, nalo linagusa mfuko. Barafu iliyotoka friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inaonekana bora zaidi kuliko iliyo kwenye 0. Ubora huo ni mdogo. Kila nyuzi moja chini ya sifuri inaongeza kilojuli 2 tu na kidogo kwa kilo, kwa hiyo nyuzi 18 zote zinaongeza kama kilojuli 38, sehemu moja ya tisa hivi ya zile 334. Kinachopunguza thamani ni maji. Ndoo ya kilo 10 ambayo robo yake imeshayeyuka ina kazi ya kilo saba na nusu. Ukinunua kwa ndoo, mwaga maji kwanza, ndipo upime.

Piga hesabu kabla ya kununua

Hesabu ni mbili, na watu wengi hufanya moja tu.

Ya kwanza ni barafu ya kumpoza samaki. Kilo moja ya samaki inatoa takribani kilojuli 3.6 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Kilo 10 za samaki zikishuka kutoka 28 hadi 0 zinatoa karibu kilojuli 1,000. Gawanya kwa 334, unapata kilo 3 za barafu.

Ya pili ni barafu ya kupambana na joto linalopenya kuta. Chukua deli la urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40, lenye ukuta wa povu wa sentimita 3. Nje kukiwa na nyuzi 30, joto linalopenya ni kama wati 40, na hilo linayeyusha kama gramu 430 za barafu kila saa. Safari yenye kusubiri gari, njia ya kilomita 200 na saa kadhaa za kuuza inafika saa 12 kwa urahisi. Hapo ni kilo 5 zimekwenda kwa ajili ya kuta peke yake. Ongeza kilo 2 za kufungua na kufunga mfuniko kwa wateja.

Tatu, tano na mbili ni kumi. Ile kanuni ya kilo kwa kilo inayosemwa sokoni imesimama hapo, na kwa deli dogo katika joto la pwani yetu ni kanuni ya kweli. Lakini tazama: deli lile lile likibeba kilo 20 za samaki, kuta hazijaongezeka. Unahitaji kilo 6 za kupoza, 5 za kuta na 2 za mfuniko, jumla 13. Deli lililojaa linatumia barafu kidogo kwa kila kilo ya samaki.

Ukiongeza vipimo vyote vya deli mara 2, kuta zinaongezeka mara 4 lakini nafasi ya ndani inaongezeka mara 8. Kwa sababu hiyo nawashauri wachuuzi watatu au wanne wanaokwenda njia moja wachangie deli moja kubwa lenye kuta nene, kila mmoja na mfuko wake wa wavu wenye alama ndani. Ukuta wa sentimita 6 unapunguza upotevu kwa karibu nusu kuliko ule wa 3, na katika vitu vyote vya kununua kwa biashara hii, mimi ningeanza na unene wa ukuta.

Kutengeneza barafu nyumbani

Tumia maji yanayofaa kunywa, kwa sababu barafu hiyo itayeyukia kwenye mnofu. Mimina kwenye vyombo vipana na vifupi. Ndoo iliyojaa inaganda pembeni, kisha tabaka hilo la barafu linakuwa ukuta unaozuia baridi isifike katikati. Unaweza kuikuta asubuhi imekuwa ngumu juu na pembeni huku moyo wake ni maji.

Kilo moja ya maji ya nyuzi 28 inabidi itoe kilojuli 117 ili ifike 0, halafu itoe 334 nyingine ili igande. Karibu robo tatu ya kazi ya friza inafanyika maji yakiwa yamekwama kwenye 0. Usihukumu kwa kugusa. Toboa katikati kwa msumari safi au pasua pande moja.

Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9. Chupa ya plastiki iachwe sehemu moja ya kumi wazi, na chupa ya kioo isiingie friza kabisa.

Friza lenyewe nalo linafanya kazi kwa kubadili hali ya maada. Ndani ya mabomba yake kuna kimiminika kinachochemka kwenye baridi kali. Kikichemka na kuwa gesi, kinanyonya joto la ndani ya friza. Kisha mota inaikandamiza gesi hiyo na kuisukuma kwenye mabomba ya nje, inageuka tena kuwa kimiminika na kulitupa joto lile lile chumbani. Friza likibanwa ukutani joto hilo halina pa kwenda, umeme unaliwa na barafu inachelewa. Liache kama kiganja kimoja kutoka ukutani, na usilifunike kwa nguo.



Ule ukungu mweupe unaoganda kwenye kuta za friza ni mvuke wa hewa uliogeuka yabisi moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Ukifika unene wa nusu sentimita, zima friza uuyeyushe, maana unazuia baridi isitoke kwenye mabomba. Usiubandue kwa kisu. Ukitoboa bomba umepoteza friza.

Pwani: poza haraka kabla ya kupakia

Nusu saa ya kwanza ina thamani kuliko saa nzima ya baadaye, kwa sababu samaki bado ana joto lote. Njia ya haraka kuliko zote ni kumtumbukiza kwenye mchanganyiko wa barafu iliyopondwa na maji ya bahari. Maji yanamgusa samaki kila upande, kazi ambayo mapande ya barafu hayawezi. Tena maji ya bahari huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo mchanganyiko huo unaweza kushuka kidogo chini ya 0 ukiwa bado majimaji.

Usitumie maji mengi. Kila lita 5 za maji ya bahari ya nyuzi 28 zinayeyusha zaidi ya kilo moja na nusu ya barafu kabla samaki hajaguswa. Weka maji ya kuwafunika samaki tu, chota mbali na mahali wanapooshea na kutupa matumbo, na ukimaliza fungu moja tumia maji hayo hayo kwa fungu la pili. Yakigeuka mekundu, mwaga. Vipande vya barafu lazima vionekane vikielea muda wote. Vikiisha, joto la maji linaanza kupanda hapo hapo.

Dagaa na vibua wanapoa ndani ya muda mfupi. Samaki mnene ni jambo lingine: unene ukiongezeka mara 2, muda wa baridi kufika katikati unaongezeka karibu mara 4. Nguru na jodari wakubwa watolewe matumbo na mashavu, waoshwe, kisha tumbo lijazwe barafu ili baridi iingie kutoka pande mbili. Pima kwa kuchomeka kipimajoto kwenye mnofu ulio mnene kuliko wote, karibu na uti.

Hapa naomba usikilize kwa makini. Jodari, nguru na vibua wakiachwa na joto, bakteria hutengeneza histamini kwenye mnofu. Mlaji anavimba midomo, anawashwa, anaumwa kichwa na kutapika. Histamini haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na barafu ya baadaye haiipunguzi. Samaki wa jamii hiyo aliyeshinda juani hatakiwi kuingia deli lako hata kwa bei ya kutupa.

Kupanga deli

Ponda barafu mpaka vipande viwe vidogo kuliko kidole gumba. Mapande makubwa yanaacha mianya ya hewa, na kingo zake zinachubua ngozi ya samaki. Tandaza tabaka la sentimita 5 chini. Panga samaki safu moja, tumbo likielekea chini ili maji yasituame ndani, funika kwa barafu, panga safu nyingine. Pembeni pia kuwe na barafu, samaki asiguse ukuta. Tabaka la juu liwe nene kuliko yote: joto la jua na la mfuniko linaingilia hapo, na maji baridi yanayoyeyuka juu yanachuruzika yakiwaosha samaki wa chini.

Maji hayo yatoke. Toboa tundu dogo pembeni chini kabisa, weka kizibo, na ukifika kituoni fungua kwenye chombo, usimwage ndani ya basi. Maji yaliyoyeyuka yameshamaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Yakipanda kutoka 0 hadi 10 yananyonya kilojuli 42 tu kwa kilo. Yakituama na damu, bakteria wa samaki mmoja wanahamia kwa wote.

Chupa za maji yaliyogandishwa zinapendwa kwa kuwa zinatumika tena na hazilowanishi. Kwa soda na juisi ni sawa. Kwa samaki zinagusa sehemu chache, kwa hiyo zitumie kama nyongeza juu ya barafu iliyopondwa, au zielee kwenye maji.

Chumvi iache nje ya deli. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke hata chini ya sifuri: changanya sehemu 3 za barafu na 1 ya chumvi ya mawe na unaweza kukaribia nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa kugandisha malai (aiskrimu) pasipo na umeme ni njia nzuri sana, na chumvi ya Kilwa, Lindi na Mtwara iko karibu. Kwa samaki mbichi, barafu inaisha mapema, ngozi inaganda huku ndani bado kuna joto, na mnofu unakolea chumvi.

Njiani, deli lisikae juu ya bati la gari wala karibu na injini. Weka vipande viwili vya mbao chini yake. Halafu kuna gunia lililoloweshwa. Lita moja ya maji ikikauka kwenye gunia inachukua karibu kilojuli 2,400, sawa na kuyeyusha kilo 7 za barafu. Hiyo ndiyo nguvu ya kimiminika kugeuka mvuke, na ni ya bure. Joto hilo linatoka kwenye hewa pia, si kwenye deli peke yake, lakini gunia linabaki na ubaridi na deli linapata kivuli chenye baridi. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu na upepo unapita, gunia linasaidia sana. Wakati wa mvua hewa imejaa mvuke tayari, maji hayakauki, na gunia linakuwa mzigo tu.

Siku hizo za mvua tazama deli kwa nje. Likitokwa jasho sehemu fulani, mvuke wa hewa unageuka maji hapo na kuuachia ukuta joto lile lile la kilojuli 2,400 kwa kilo. Pia umeonyeshwa mahali ukuta ulipo mwembamba au ulipopasuka. Weka alama kwa kalamu, urekebishe ukirudi.

Samaki waliobaki: kugandisha na kuyeyusha

Maji ya ndani ya mnofu hayagandi yote kwa mara moja. Sehemu kubwa huganda kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri. Samaki akipita eneo hilo polepole, chembe za barafu zinakua kubwa na kuchana nyama, ndiyo maana akiyeyushwa anatoa maji mengi na mnofu unalegea. Friza la nyumbani ni dogo kwa kazi hiyo, kwa hiyo msaidie: gandisha samaki ambaye ameshapozwa kwenye barafu, watandaze safu moja kwenye sinia la bati, na usiingize mzigo mkubwa siku moja. Wakishakuwa wagumu ndipo warundike.

Pweza ni tofauti, na hapa kuchanika kwa nyama ni faida. Akigandishwa usiku mmoja au miwili kisha akayeyushwa, analainika na kipigo kinapungua sana.

Samaki aliyekaa friza muda mrefu bila kufunikwa anatoka mabaka meupe yaliyokauka kama pamba. Barafu ya ngozini imegeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, na mafuta ya samaki yamekutana na hewa yakachacha. Kinga yake ni nyepesi. Mtoe samaki akiwa mgumu kabisa, mchovye sekunde chache kwenye maji safi yaliyopozwa kwa barafu, mtoe, subiri kidogo, mchovye tena. Atavaa ganda jembamba la barafu. Sasa hilo ganda ndilo litakalokauka badala ya mnofu. Baada ya hapo mfunge kwenye mfuko uliotolewa hewa, na baada ya wiki kadhaa mkague umrudishie ganda likiwa limekwisha.

Kuyeyusha kufanyike kwenye sehemu ya chini ya jokofu usiku kucha, au ndani ya mfuko uliofungwa kwenye maji baridi yanayobadilishwa. Juani ngozi inafika nyuzi 30 huku katikati kukiwa bado jiwe. Aliyeyeyuka apikwe siku hiyo. Kumgandisha mara ya pili kunamchana upya.

Umeme ukikatika, friza lililojaa samaki wagumu lina akiba kubwa ya joto fichi, kwa hiyo usilifungue kuchungulia. Umeme ukirudi, mkague samaki mmoja mmoja: mwenye barafu bado ndani ya mnofu arudi, aliyelegea kabisa lakini akiwa bado na baridi kama ya deli aende jikoni, mwenye joto atupwe.

Deli likirudi nyumbani

Osha kwa maji na sabuni, suuza kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha liache wazi likauke kabisa, tundu la maji likiwa chini. Povu la ukuta linazuia joto kwa sababu limejaa hewa. Maji yakiingia kwenye ufa na kuchukua nafasi ya hewa hiyo, yanapitisha joto zaidi ya mara 15 kuliko povu kavu, na deli lililoloa ndani linakuwa zito huku barafu ikiisha kabla ya Mnazi Mmoja, njiani kwenda Masasi. Pale ulipoweka alama ya jasho, kausha siku nzima kivulini penye upepo, ziba ufa kwa silikoni, acha ikauke mpaka kesho yake, kisha jaza maji na uangalie kama linavuja.